Sabufa Imenyamaza: Lipi Ulifanye Mwenyewe na Lipi Umwachie Fundi

Hali hii inafahamika katika nyumba nyingi za Buzuruga na za jirani zake wa Nyakato, Mecco na Nyasaka. Umeme umekatika jioni, na baada ya saa moja umerudi ghafla. Taa zimewaka na jokofu limeanza kunguruma, lakini sabufa iliyokuwa ikipiga muziki sebuleni imenyamaza, na kitaa chake cha mbele hakiwaki. Mmoja katika familia anasema tatizo ni fyuzi tu. Mwingine anakwenda kutafuta bisibisi. Jirani anakumbuka kwamba ya kwake ilipona baada ya kuwekewa kipande cha waya mahali pa fyuzi. Dakika kumi baadaye skrubu za nyuma ziko mezani na mkono umekwisha kuingia ndani.

Makala hii inahusu dakika hizo kumi. Lengo lake si kumkataza mlaji kukitunza chombo alichokinunua kwa fedha yake, wala kumlazimisha kukimbilia kwa fundi kwa kila hitilafu ndogo. Lengo ni kumwonyesha mpaka uliopo. Kazi nyingi za matunzo zinazofanyika nje ya kasha la chombo ni za mwenye chombo, na azifanye bila hofu. Kazi inayoanza baada ya kufungua skrubu za kasha ni ya fundi mwenye vifaa na ujuzi. Aghalabu ajali za vyombo vya muziki majumbani hutokea pale mpaka huo unapovukwa na mtu asiyejua kilichomo ndani.

Desturi tuliyoirithi kutoka kwenye redio za betri

Ujasiri wa kufungua redio una historia yake. Kwa miaka mingi chombo cha muziki cha familia nyingi za Tanzania kilikuwa redio ya betri. Wazee wanazikumbuka redio za National zilizotoka Dar es Salaam na za Philips zilizounganishwa Arusha. Redio ya namna hiyo yenye betri sita, kila moja ikiwa na volti 1.5, ilitumia volti 9 tu. Kijana aliyeifungua ili kukaza waya uliolegea au kufuta kutu kwenye vishikio vya betri hakuwa katika hatari ya kupigwa na umeme. Kosa kubwa aliloweza kulifanya lilikuwa kuiharibu redio yenyewe.

Sabufa, amplifaya na deki za leo ni vyombo vya namna nyingine. Huchomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba, ambao nchini Tanzania ni wa volti 230. Kasha laweza kufanana na la redio ya zamani, na skrubu zake zaweza kufunguka kwa bisibisi ileile, lakini umeme unaoingia ndani yake ni mara ishirini na tano ya ule wa betri sita. Ujasiri uliokuwa halali kwa chombo cha kwanza unaweza kumuua mtu kwa chombo cha pili.

Umeme unaobaki baada ya plagi kuchomolewa

Walaji wengi huamini kwamba plagi ikishachomolewa ukutani, hatari imekwisha. Imani hiyo ni sahihi kwa sehemu tu, na ndiyo sababu kuu ya onyo la kutofungua kasha.

Ndani ya chombo kuna vihifadhi umeme ambavyo mafundi huviita kapasita. Vile vikubwa huonekana kama vikopo vidogo vilivyosimama juu ya bodi. Kazi yake ni kupokea umeme, kuutunza kwa muda na kuutoa kwa utulivu ili muziki usikwaruze. Plagi inapochomolewa, kapasita haipotezi umeme wake papo hapo. Inaweza kuushikilia kwa sekunde chache, kwa dakika kadhaa, au kwa muda mrefu zaidi ikiwa njia ya kuutolea imeharibika. Chombo kilichoungua ndicho hasa ambacho njia hiyo inaweza kuwa imekatika.

Ukubwa wa hatari unategemea namna chombo kilivyotengenezwa. Vyombo vizito vya zamani huwa na transfoma kubwa ya chuma na shaba inayoteremsha volti 230 hadi volti chache kabla umeme haujafika kwenye kapasita. Katika chombo cha namna hiyo umeme wa hatari uko upande wa kuingilia, kuanzia waya wa ukutani hadi transfoma. Vyombo vyepesi vya kisasa, zikiwemo sabufa nyingi na takriban runinga zote bapa, havitumii transfoma kubwa. Hivyo huugeuza kwanza umeme wa nyumba na kuutunza katika kapasita kuu ukiwa na volti zipatazo 325, yaani zaidi ya zile za ukutani. Mtu anayegusa bodi ya chombo hicho dakika moja baada ya kuchomoa plagi anaweza kupigwa vibaya, ingawa waya umelala sakafuni mbele ya macho yake.

Fundi anayejua kazi hupima kapasita hiyo kwa mita kabla ya kugusa chochote. Akikuta umeme, huutoa taratibu kwa kifaa maalumu cha kuupunguza, kisha hupima tena. Hagusishi bisibisi ili cheche iruke, maana cheche hiyo huweza kumchoma mkono, kumrushia vipande vya chuma machoni na kuharibu sehemu zilizokuwa nzima. Mtu asiye na mita wala ujuzi wa kuitumia hana namna ya kujua kama kilicho mbele yake ni salama. Hivyo basi, hana sababu ya kufungua kasha.

Mambo ambayo mlaji anaweza kuyafanya mwenyewe

Sehemu nzuri ya hitilafu zinazopelekwa kwa mafundi huwa hazimo ndani ya chombo. Kabla ya kubeba sabufa begani kwenda kibandani, ni vema mlaji akafuata mpango ufuatao, chombo kikiwa kimefungwa kasha lake.

Kwanza, ahakikishe kwamba umeme unafika. Achomeke taa ya mezani au chaja ya simu katika soketi ileile. Kama navyo haviwaki, tatizo ni la soketi, la ekstensheni au la uniti za LUKU zilizokwisha. Pili, atazame waya wa umeme kwa urefu wake wote, plagi ikiwa imechomolewa. Waya uliochubuka, uliotafunwa na panya au ulioviringishiwa mkanda wa plastiki usitumike tena hadi ubadilishwe. Tatu, kama chombo kinawaka lakini hakitoi sauti, akague mambo madogo: sauti imepunguzwa kabisa, au chombo kimewekwa kwenye redio huku muziki unatoka kwenye simu, au betri za rimoti zimekwisha. Nne, azime chombo, achomoe plagi, kisha achomoe nyaya za spika na kuzichomeka upya moja baada ya nyingine. Spika moja ikinyamaza, abadilishane nyaya za kulia na kushoto. Ukimya ukihamia upande wa pili, kasoro iko kwenye chombo kikuu. Ukibaki kwenye spika ileile, kasoro ni ya spika hiyo au waya wake. Jaribio hili halihitaji fedha, nalo humsaidia fundi kuanza kazi akijua pa kuanzia.

Matunzo ya kila mwezi pia ni ya mwenye chombo. Vumbi la barabarani, hasa kwa nyumba zilizo karibu na barabara ya Musoma na stendi ya Buzuruga, huingia katika matundu ya kupitishia hewa na kukizuia chombo kupoa. Baada ya kuchomoa plagi, vumbi liondolewe kwa brashi laini na kitambaa kikavu. Maji, mafuta ya taa na petroli visitumike kabisa. Mvuke wa petroli uliobaki ndani ya kasha unaweza kushika moto kwa cheche ndogo ya swichi. Chombo kiachiwe nafasi ya upana wa kiganja kila upande. Kitambaa cha mapambo kisizibe matundu yake, na chombo cha maua chenye maji kisiwekwe juu yake. Mende na mijusi hupenda joto la ndani, kwa hiyo sebule isiyo na mabaki ya chakula nayo ni sehemu ya matunzo ya sabufa.

Fyuzi ni mlinzi

Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba kilichowekwa makusudi ili kikatike kabla nyaya nyingine hazijapata joto la kuunguza nyumba. Inapokatika imetimiza wajibu wake. Swali la kujiuliza wakati huo ni kitu gani kimeifanya ikatike.

Mlaji anaruhusiwa kubadilisha fyuzi zinazofikiwa bila kufungua kasha, yaani ile iliyo ndani ya plagi ya pini tatu na ile ya kioo iliyo katika kishikio cha nyuma ya baadhi ya vyombo. Kwanza achomoe plagi ukutani. Fyuzi mpya iwe na ampia zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani au pembeni ya kishikio. Ibadilishwe mara moja tu. Ikikatika tena, kuna hitilafu ndani, na chombo kiende kwa fundi. Kuendelea kuweka fyuzi kubwa zaidi ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele kumwona mwizi.

Ukubwa unaofaa kwa fyuzi ya plagi unaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya chombo karibu na waya wa umeme, kisha ugawanye kwa 230. Sabufa inayotumia wati 100 huhitaji chini ya nusu ampia. Kwa chombo kama hicho fyuzi ya ampia 3 inatosha kabisa, ilhali plagi nyingi huuzwa zikiwa na fyuzi ya ampia 13 iliyokusudiwa vyombo vikubwa kama pasi na birika la umeme. Fyuzi ya ampia 13 kwenye waya mwembamba wa sabufa inaweza kuuacha waya huo uungue bila yenyewe kukatika. Kipande cha waya wa shaba au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni hatari zaidi, kwa maana huweza kusikatike kabisa.

Ni muhimu pia kufahamu kwamba fyuzi hulinda nyaya, haimlindi mtu. Umeme wa sehemu tatu kwa mia za ampia moja ukipita kifuani huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kwa fyuzi ya ampia 3 kiasi hicho ni kidogo mno kuikata. Kinachomlinda mtu ni kifaa cha kukata umeme unapovuja, kinachofungwa katika kisanduku cha swichi kuu ya nyumba. Nyumba isiyo na kifaa hicho ni vema ikawekewa, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Plagi ya pini mbili na kalamu ya mtoto

Sabufa nyingi huja na plagi ya pini mbili za mviringo, ilhali soketi za nyumba zetu ni za matundu matatu. Katika nyumba nyingi tundu la juu husukumwa kwa kalamu, kijiti au ncha ya bisibisi ili vizibo vya matundu ya chini vifunguke, kisha plagi hulazimishwa kuingia. Desturi hii ina madhara matatu. Hulegeza vibati vya ndani ya soketi, na kibati kilicholegea hutoa cheche na joto. Huunganisha chombo bila fyuzi yake. Tena humfundisha mtoto anayetazama kwamba soketi huchokonolewa kwa kijiti. Adapta imara yenye fyuzi, au plagi ya pini tatu iliyofungwa na fundi, huondoa madhara yote matatu kwa gharama ndogo.

Alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, inayochapwa nyuma ya vyombo vingi, ina maana kwamba chombo kimekingwa mara mbili na hakihitaji waya wa ardhi. Chombo kisicho na alama hiyo, chenye kasha la chuma na waya wa nyuzi tatu, ni lazima kiunganishwe na waya wa ardhi. Uzi huo wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, usikatwe kamwe, hata kama mtu anadai kwamba kuukata huondoa mvumo katika spika. Anayehisi kutetemeshwa kidogo anapogusa kasha la chuma aache kukitumia chombo hicho siku hiyohiyo.

Radi, mawe ya Mwanza na umeme unaorudi ghafla

Mlaji wa Mwanza ana mambo ya kuzingatia ambayo wa mikoa mingine huenda asiyahitaji sana. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na dhoruba nyingi za ziwani huumbika usiku na alfajiri, watu wakiwa wamelala. Radi haihitaji kupiga nyumba yenyewe ili kuunguza sabufa, kwani ikipiga karibu na nyaya za barabarani hutuma msukumo wa umeme hadi ndani. Kuzima kwa kitufe au kwa rimoti hakutoshi, maana nyaya bado zimeungana. Katika miezi ya mvua, chomoa plagi kabla ya kulala, pamoja na waya wa antena au wa dishi uliounganishwa na chombo. Ngurumo zikiwa zimekwisha kukaribia, usianze kuchomoa chochote. Kaa mbali na vyombo na nyaya hadi zipite.

Jambo la pili ni mawe. Vilima vya jiji hili ni vya matale, na nyumba nyingi zimejengwa juu yake au katikati yake. Fimbo ya shaba inayopaswa kupigiliwa ardhini ili kuupa njia umeme uliovuja haizami vizuri katika jiwe, na jiwe kavu halipitishi umeme kwa urahisi. Kwa hiyo nyumba inaweza kuwa na soketi za matundu matatu huku waya wake wa ardhi haufiki popote penye manufaa. Mwenye nyumba ya mlimani amwombe fundi umeme mwenye leseni apime kwa mita, badala ya kuridhika kwa kuona fimbo imechomoza ukutani. Mpangaji naye ana haki ya kumuuliza mwenye nyumba suala hili kabla ya kuhamia.

Jambo la tatu ni umeme unaokatika na kurudi. Unapokatika, chomoa vyombo vya muziki na runinga. Unaporudi, subiri dakika tano hadi kumi utulie, kisha uchomeke chombo kimoja kimoja.

Spika za nyongeza na wati za kwenye boksi

Kuna hitilafu zinazoanzia kwenye tamaa ya sauti kubwa. Nyuma ya amplifaya na spika huandikwa namba ya omu, kwa mfano 4 au 8. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa pamoja kwenye matundu yaleyale huwa mzigo wa omu 4, na nne huwa mzigo wa omu 2. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo amplifaya inavyolazimika kusukuma umeme mwingi na kupata joto. Amplifaya iliyoandikwa kwamba inakubali omu 8 isiongezewe spika za harusi kwa siku moja, ikaungua na kuhitaji matengenezo ya miezi.

Namba nyingine ya kutazamwa ni ya wati. Boksi huweza kutangaza maelfu ya wati, ilhali maandishi madogo nyuma ya chombo yanasema kwamba kinatumia wati 60 kutoka ukutani. Chombo hakiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko kinayopokea. Namba ya nyuma ndiyo ya kuamini wakati wa kununua, wakati wa kuchagua fyuzi na wakati wa kujadiliana na fundi.

Kumkabidhi fundi chombo

Mwanza ina mafundi wengi wazuri, wengine wenye vyeti vya vyuo vya ufundi, wengine waliojifunza kwa miaka mingi kibandani. Cheti ni jambo jema, lakini mlaji anaweza pia kuutambua umakini wa fundi kwa macho. Je, ana mita na anaitumia kabla ya kugusa bodi? Je, kwa mara ya kwanza huwasha chombo kilichoungua kupitia balbu ya zamani ya kuwaka kwa joto, iliyofungwa katika njia ya umeme ili kupunguza msukumo? Balbu hiyo ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, fundi hujua kwamba bado kuna hitilafu kubwa, na chombo hakiungui mara ya pili. Je, hulehemu mahali penye hewa? Risasi ya kulehemu aghalabu huwa na madini yenye sumu, na moshi wake haufai kuvutwa. Kwa hiyo mtoto asiachwe akiegemea meza ya kazi, na fundi anawe mikono kabla ya kula.

Kabla ya kuacha chombo, mlaji atoe flashi na kadi yake ya kumbukumbu. Kisha yaandikwe mambo haya katika karatasi yenye sahihi za wote wawili: aina ya chombo na namba yake ya utambulisho, hitilafu ilivyoelezwa, gharama ya uchunguzi, kiwango cha juu cha gharama ambacho fundi hatakivuka bila kuuliza, siku ya kukamilisha, na muda wa dhamana ya kazi. Karatasi ya daftari la shule inatosha. Ugomvi mwingi kati ya mlaji na fundi hauhusu ubaya wa mtu, bali maneno ya mdomo ambayo kila mmoja aliyasikia kwa namna yake.

Wakati wa kuchukua chombo, mlaji aombe vipuri vilivyotolewa. Kapasita iliyovimba kichwani au fyuzi iliyoungua ni ushahidi wa kazi iliyofanyika. Aulize kama kapasita mpya ina volti zisizopungua za ile ya zamani, na kama fyuzi ni ya ampia zilezile. Aone skrubu zote zimerudi mahali pake, na waya wa umeme umebanwa vizuri unapoingia kwenye kasha. Chombo kipigwe kwa sauti ya kawaida kwa nusu saa hapohapo. Kikitoa harufu ya kuungua au kikipata joto la kushindwa kushikika, kazi haijakwisha. Na kama gharama ya matengenezo inazidi nusu ya bei ya chombo kipya cha aina hiyo, ni busara kufikiri upya kabla ya kulipa.

Haki za mlaji

Chombo kikiwa bado ndani ya muda wa dhamana, kisipelekwe kwa fundi wa mtaani wala kisifunguliwe nyumbani, kwani dhamana nyingi hufutika kibandiko cha kwenye skrubu kikichanwa. Kirudishwe kwa muuzaji pamoja na risiti ya EFD na kadi ya dhamana. Kwa sababu hiyo risiti idaiwe siku ya ununuzi na ipigwe picha, maana wino wake hufifia.

Mlaji analindwa na Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, ambayo wengi huifahamu kama FCC. Bidhaa iliyouzwa inapaswa kufaa kwa matumizi yake, na huduma inapaswa kutolewa kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Bango la “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” halihalalishi kuuza chombo kibovu. Mlaji aanze kwa kuzungumza na muuzaji au fundi, kisha aandike lalamiko na kubaki na nakala. Asiporidhika, alifikishe FCC, ambako pia hupelekwa taarifa za bidhaa bandia. Bidhaa inayotiliwa shaka kuwa chini ya kiwango iripotiwe kwa Shirika la Viwango Tanzania. Chombo kilichoungua kwa sababu ya hitilafu ya umeme wa njia kuu kiripotiwe mapema katika ofisi ya TANESCO na kupata namba ya taarifa. Lalamiko lisiposhughulikiwa, hatua inayofuata ni EWURA.

Ajali ikitokea

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu ya nyumba kwanza. Ikiwa haifikiki, simama mahali pakavu na umtenganishe na waya kwa mti mkavu usio na chuma. Kama hapumui, aliyefunzwa aanze kumbonyeza kifua huku wengine wakitafuta usafiri. Hata akiamka na kusema yu mzima, apelekwe hospitali siku hiyo, kwa sababu mapigo ya moyo huweza kuvurugika baadaye. Chombo kikishika moto, kata umeme katika swichi kuu na usikimwagie maji. Tumia mchanga mkavu au kizimamoto cha unga, toa watu nje na upige simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Turudi sebuleni Buzuruga, ambako sabufa bado imenyamaza. Familia ikague soketi, waya na fyuzi ya plagi, ibadilishane nyaya za spika, na iandike ilichokiona. Kama bado iko kimya, ichomolewe na kusubiri asubuhi, kibanda cha fundi kifunguliwe. Usiku mmoja bila muziki ni hasara ndogo. Skrubu za nyuma zibaki mahali pake.